Aqua ya Goba iliyovalishwa tairi za Prius

Gari ni Toyota Aqua ya 2014, daraja la S, rimu za chuma za inchi 15 zenye vifuniko vya plastiki. Ilishuka bandarini Dar es Salaam ikiwa na tairi zake nne za Japani, zote vipara. Mwenye gari ni shemeji yangu. Anakaa Goba, ofisi yake iko Posta, na kila siku anapita foleni ya Mwenge asubuhi na jioni. Alikuja na malalamiko matatu kwa mpigo: gari imeanza kunywa mafuta, akikata kona kali kuingia getini kuna kitu kinakwaruza, na usukani umekuwa mlegevu, anaunyoosha gari inachelewa kuitikia. Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, alishalipia, haikusaidia. Aqua ni haibridi, injini ya petroli inasaidiana na mota ya umeme, na fundi mmoja akamwambia betri kubwa ya mota hiyo imeanza kufa, atafute hela.

Nilianza na la betri kwa sababu ndilo lingemuumiza. Tukachomeka mashine ya kusomea gari. Hakukuwa na msimbo wa hitilafu, na volti za vipande vya betri zilikuwa zinalingana kwa karibu sana, gari ikiwa imesimama na ikiwa inapanda. Betri inayochoka kwa kawaida huonyesha kipande kimoja au viwili vikianguka kuliko wenzake pale inapobebeshwa mzigo. Hapa hakukuwa na cha kushuku, kwa hiyo nikamuuliza kitu gani kilibadilika kabla mafuta hayajaanza kwenda.

"Sijabadilisha kitu, shem. Nimeweka tairi mpya tu."

Ubavuni mwa tairi hizo mpya palikuwa pameandikwa 195/65R15 91H. Tukafungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo, chini ya kitasa cha kufungia, ile stika ya kiwandani ilikuwa bado ipo. Maneno ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zetu sote: 175/65R15 84S, upepo 230 mbele na 220 nyuma. Stika hiyo watu huipita kila siku wakiingia garini, na wakifika dukani wanamuuliza muuza tairi gari lao linavaa saizi gani.

Hizo tarakimu zinasomwa hivi. 175 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, siyo milimita, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: wanaona 65 na 65 wanadhani tairi zote mbili zina kimo kimoja. Asilimia 65 ya 175 ni karibu milimita 114. Asilimia 65 ya 195 ni karibu 127. Zidisha mara mbili kwa ubavu wa juu na wa chini, ongeza rimu ya inchi 15 ambayo ni milimita 381, unapata tairi ya kiwandani yenye kipenyo cha 608.5 na ya shemeji yenye 634.5. Tofauti ni milimita 26, sawa na asilimia 4.3. Mafundi wengi wenye kuheshimu kazi yao hawavuki asilimia 3.

Sasa asilimia 4.3 inafanya nini kwenye haibridi? Tairi ndiyo rula ya gari. Sensa za magurudumu zinahesabu mizunguko, na kompyuta inazidisha mizunguko hiyo kwa kipimo ilichopangiwa kiwandani. Kilometa za dashibodi, spidi, na ile namba ya kilometa kwa lita ambayo wenye haibridi wanaiangalia kama matokeo ya mpira, zote zinatoka hapo. Ukirefusha rula bila kuiambia kompyuta, dashi ikisema umetembea kilometa 100 kumbe umetembea 104. Mafuta yenyewe kompyuta inayakadiria kupitia nozeli zinazoyanyunyizia kwenye injini, ambazo hazina habari na tairi. Kwa hiyo lita ziko palepale, kilometa ndizo zinazopunjwa, na ulaji wa mafuta unaonekana mbaya kuliko ulivyo.

Na kuna upande wa pili ambao sijasikia muuza tairi akiusema. Zile tairi za zamani zilikuwa vipara. Tairi mpya ya gari dogo ina vijia, ile mifereji ya usoni, vyenye kina cha milimita 7 au 8 hivi. Ikibaki na milimita 2, kipenyo kimepungua karibu milimita 11, ambayo ni kama asilimia 1.8. Rula ile ilikuwa fupi. Dashi ilikuwa inamhesabia kilometa ambazo hajatembea, na kumpa sifa ya kubana mafuta kuliko alivyostahili.

Weka namba zake hapo. Alizoea kuona 22 kwa lita, akaanza kuona 19, na pengo la 3 ndilo lililomleta. Ile 22 ya kipara, ukiisahihisha, ni 21.6. Ile 19 ya tairi kubwa, ukiisahihisha, ni 19.8. Pengo la kweli ni 1.8. Zaidi ya theluthi ya "ulaji" wake ilikuwa hesabu tupu. Hakuna tone lililomwagika, wala betri haikuhusika.

Hiyo 1.8 iliyobaki ni mafuta halisi, na ina wenyewe kadhaa. Wa kwanza ni upepo. Nilipima asubuhi gari likiwa limelala: 28 PSI kote. Stika inasema 230 na 220 kwa kilopaskali, yaani 33 mbele na 32 nyuma. Vijana wengi wa pancha wana namba moja kichwani wanayoijaza kwenye kila gari, kuanzia Vitz hadi Noah. Wa pili ni mpira wenyewe. Tairi nyingi ambazo Aqua inatoka nazo kiwandani zimetengenezwa ziviringike kwa wepesi. Hii aliyouziwa ni nzito, pana, na vijia vyake vipya bado vinajikunja kila vinapogusa lami. Wa tatu ni kimo: tairi ndefu ni sawa na kuweka gia ndefu, na Aqua haina gia za kubadilisha kufidia, kwa hiyo kwenye kilima cha kurudi Goba mota na injini zinasukuma zaidi kupata mvuto uleule.

Gari la petroli tupu nalo lingepata hasara, ila lisingepiga kelele. Haibridi inaishi kwa kuteleza. Ukiachia mafuta ukikaribia taa za Mwenge, magurudumu ya mbele yanazungusha mota, mota inakuwa jenereta, na ule mwendo unarudi kwenye betri. Nguvu yoyote inayoliwa na mpira unaojikunja njiani inageuka joto la tairi na haifiki kwenye betri. Kwenye foleni, ambako gari linakwenda na kusimama mfululizo, hasara hiyo inajirudia kila mara.

Spidi nayo tuliipima. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inataka spidomita isionyeshe kamwe pungufu ya mwendo halisi. Ndiyo maana magari mengi yanatoka kiwandani dashi ikizidisha kidogo. Dereva mzoefu anaujua huo mwanya, hata kama hajui unatoka wapi: dashi ikisoma 52 kwenye eneo la 50 anapita mbele ya tochi bila wasiwasi. Tulitoka alfajiri Barabara ya Bagamoyo ikiwa nyeupe, dashi ikishikilia 50, simu ya GPS ikasoma 51. Mwanya umekwisha, na akipigwa tochi kwa 54 hakuna trafiki atakayesikiliza habari za kipenyo.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni suala la hesabu na pochi. Kilichonifanya nimwambie azivue ni rimu.

Tulipovua gurudumu la mbele kushoto, nyuma ya rimu palikuwa pamechongwa 15x5J. Hiyo 5 ni upana wa rimu kwa inchi, mahali tairi inapokalia. Tairi ya 175/65R15 inakubali rimu ya inchi 5 hadi 6. Tairi ya 195/65R15 inaanzia 5.5 kwenda 7. Yaani ilikuwa imebanwa miguuni na rimu nyembamba kuliko kiwango chake cha chini kabisa. Ukichuchumaa mbele ya gari uliona ubavu umetoa tumbo nje ya rimu, na uso unaokanyaga lami umevimba katikati, mabega yamenyanyuka. Huo ndio ulegevu wa usukani: unageuza rimu, ubavu unajikunja kwanza, halafu ndipo uso wa tairi unafuata. Alaimenti haiwezi kutibu hilo, na ule upepo wa 28 ulikuwa unazidisha.

Kukwaruza kulieleza lenyewe. Kwenye plastiki nyeusi ya ndani ya fenda, upande wa nyuma ya gurudumu, palikuwa na mstari wa upana wa vidole viwili uliong'aa kama umepigwa kiwi, pembeni yake vumbi laini la plastiki. Akiwa peke yake haigusi. Akibeba watoto na mizigo ya sokoni, akakata usukani mpaka mwisho pale getini, bodi inashuka na bega la tairi linafika pale.

Je, muuzaji alimdanganya? Nusu tu. Alimwambia, "Dada, hii ndiyo saizi ya haibridi, Prius zote zinavaa hii." Prius ya kizazi cha tatu, ile watu wanaiita Prius 30, yenye rimu za 15, kweli inavaa 195/65R15. Lakini Prius hiyo inaizidi Aqua uzito kwa zaidi ya kilo 200, na rimu yake ya 15 ni ya inchi 6. Toyota Wish nayo inavaa 195/65R15. Ndiyo maana kila duka linazo rundo, bei zimeshindana, na muuzaji ana kila sababu ya kutamani gari lako liwe na saizi hiyo. Kitu kinachoitwa saizi ya haibridi hakipo. Hata Aqua zenyewe hazina saizi moja: kuna daraja la L lenye 165/70R14, kuna hizi za 175/65R15, kuna zenye rimu za 16 na 195/50R16. Ukiuliza "tairi za Aqua saizi gani" unaletewa majibu matatu na yote ni sahihi, kwa magari matatu tofauti.

Alikuwa na sababu yake pia, na aliitaja mwisho, kwa aibu kidogo. Alitaka gari inyanyuke. Aqua ya kawaida ina nafasi ya milimita 140 kati ya tumbo lake na ardhi, na matuta ya mitaa ya Goba hayajengwi kwa kuangalia Aqua. Muuzaji alimwambia tairi hizi zitamwinua. Zinainua, ila nusu ya tofauti ya kipenyo inakwenda chini ya ekseli na nusu juu yake, kwa hiyo milimita 26 zinakuwa 13. Kwa upepo wa 28 na tairi iliyolala, hata 13 hazikufika. Toyota yenyewe ilipotaka Aqua iliyoinuka ilitoa toleo la X-Urban mwishoni mwa 2014, na ikainua bodi kwenye springi na shokapu. Haikutegemea tairi peke yake.

Kwa hiyo tulitenganisha shida mbili. Ya kugusa chini tukaenda kuitafuta kwenye springi. Za nyuma zilikuwa zimelala. Gari la miaka kumi linalobeba familia kamili halikosi hilo. Spesa za kuinulia, vile vipande vya kuongeza kimo kwenye springi, sikumshauri, ingawa mtaani wanaziweka kila siku, kwa sababu gari likinyanyuka hivyo pembe za magurudumu na za shafti zinabadilika, na anayefunga mara nyingi hakumbuki kurudi kwenye alaimenti.

Ya tairi ilibaki na wagombea watatu. 175/65R15, ya stika, haina mjadala. 185/60R15 ina kipenyo cha 603, pungufu ya asilimia 0.9, rimu ya inchi 5 inaikubali, na inapatikana kirahisi. Ningeichukua bila kinyongo kama ya kwanza ingekosekana. Dashi ingezidisha spidi kidogo, gari lingeshuka chini ya milimita 3. Ya tatu ni 185/65R15, kipenyo 621.5, zaidi kwa asilimia 2.1. Wapo wanaoipenda kwa Aqua, na siwezi kusema wanaharibu gari: rimu inaipokea, kikomo cha asilimia 3 haijavuka. Ila unalipia mpira mzito kila siku ili upate milimita 6 na nusu za kuinuka. Kwa mtu wa barabara ya vumbi tupu labda. Kwa mtu wa Mwenge na Posta, hapana.

Namba ya mwisho ya stika, 84S, nayo ilitaka ufafanuzi, maana shemeji aliuliza kwa nini aache 91 arudi 84 wakati 91 ni kubwa. 84 maana yake tairi moja inabeba kilo 500, 91 inabeba 615. Aqua tupu ina kilo elfu moja na themanini hivi. Tairi nne za 84 zinabeba tani 2. Kuzidi si kosa, kosa ni kushuka chini ya 84. S ni uwezo wa kwenda hadi kilometa 180 kwa saa, H ni 210. Kwa Tanzania hiyo si herufi ya kukunyima usingizi.

175/65R15 duka la kwanza hawakuwa nazo, la pili wakasema saizi hiyo "imekufa." Haijafa. Axio na Fielder za toleo lililoanza 2012 zinaivaa, na magari hayo yamejaa mjini. Kariakoo tulizipata za aina mbili. Moja ilikuwa na lebo ya Kijapani, ule mfumo ulioanza 2010: herufi kubwa kutoka AAA hadi C kwa wepesi wa kuviringika, herufi ndogo a hadi d kwa kushika breki kwenye maji. Ilisoma AA na c. Kulikuwa na nyingine ya AAA yenye d, na muuzaji akaisifia kwa haibridi. Mimi nilimwambia achukue ya c. Tofauti ya mafuta kati ya AA na AAA ni ndogo, na mvua za masika zikiloanisha lami yenye mafuta ya daladala, ile herufi ndogo ndiyo utakayoitegemea.

Akauliza pia kuhusu mtumba wa Japani, nusu bei, vijia vimejaa. Tukazigeuza. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa ubavuni, zilisoma 3815, wiki ya 38 ya mwaka 2015. Mpira wa umri huo umeshakauka hata kama haujatembea. Nyingine ubavuni iliandikwa STUDLESS, na uso wake umejaa mikato midogo midogo kama imechanjwa wembe. Hizo ni tairi za theluji za Hokkaido, mpira laini ulioundwa kwa baridi. Kwenye lami ya Dar ya mchana zinaisha haraka na kwenye breki zinateleza kwa ulaini wake. Magari mengi yanashuka bandarini yakiwa nazo na mwenye gari anafurahi kuona vijia virefu.

Zile 195 hazikupotea. Jirani yake ana Wish, na zilikuwa bado mpya. Wakaelewana bei, shemeji akaongezea kidogo kupata za kwake. Tulifunga nne zote pamoja, upepo 33 mbele na 32 nyuma, ukijazwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Kuna wanaopandisha mpaka 40 ili gari iteleze zaidi. Inateleza kweli, na inateleza pia unapokanyaga breki, halafu kwenye mawe ya Goba ubavu uliokazwa hivyo unapasuka kirahisi.

Usukani ulirudi siku hiyohiyo na kukwaruza kukaisha. Dashi ilipotulia ikawa inasoma 21 na ushee. Shemeji alinung'unika kidogo kwamba haijafika 22 yake ya zamani, ikabidi nirudie hesabu ya kipara: 22 ile ilikuwa 21.6, na tairi zile zilikuwa zimeshapoteza karibu mpira wote ambao sasa unajikunja. Zitakapoanza kuisha, namba itapanda yenyewe.

Likabaki suala la spea, ambalo watu wa Aqua hulikumbuka siku ya pancha. Chini ya sakafu ya buti hapakuwa na tairi. Palikuwa na pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi ya kuziba pancha iliyopita tarehe yake kitambo. Tulimtafutia rimu ya chuma ya matundu manne ya 100 kwa wauza vyuma, yenye tundu la katikati la milimita 54.1 ili ikae kwenye habu bila kucheza. Ilikuja na tairi ya 175/70R14 nzima, kipenyo chake karibu 601, pungufu ya asilimia 1.3. Kwa dharura inatosha, kwa sharti moja ambalo nimemwandikia kwa maka kwenye rimu yenyewe: ifungwe nyuma tu. Pancha ikiwa ya mbele, avue tairi nzima ya nyuma aipeleke mbele, spea ichukue nafasi ya nyuma, ili magurudumu mawili yanayovutwa na mota yawe na kimo kimoja.